Picha ni Amana

Katika zama hizi ambazo kila mwenye simu ana kamera, na kila kamera yaweza kupiga picha mia kabla ya adhana ya alasiri, wapo watu wanaorudi kwenye kamera kongwe za filamu. Huzitafuta katika masanduku ya marehemu na katika maduka ya vitu vya kale, huzifuta vumbi, hununua mikanda ya picha nyeusi na nyeupe kwa bei isiyo ndogo, kisha hujifungia katika chumba cha giza pamoja na mabakuli ya dawa. Baadhi yao ni wageni wanaopita katika vichochoro vya Mji Mkongwe. Baadhi ni vijana wetu wenyewe.

Ukiwauliza sababu, aghalabu utapata majibu matatu. Watasema picha za filamu ni nzuri zaidi. Watasema ni za kweli zaidi. Na watasema zinawafunza subira na staha mbele ya mtu wanayempiga picha. Jibu la kwanza ni la ladha, na ladha haina kadhi. Lakini la pili na la tatu ni madai ya kimaadili, na madai ya namna hiyo hayapokewi kwa heshima tu, bali hupimwa. Je, chombo kikongwe chaweza kumfanya mtu awe mwadilifu zaidi kwa mwenziwe?

Tuanze na dai la ukweli, kwa kuwa ndilo jepesi kulipima. Picha nyeusi na nyeupe si ukweli wa macho. Hakuna aliyewahi kuiona bahari ya Forodhani ikiwa ya kijivu mchana wa kaskazi. Tena filamu za mwanzo hazikuiona hata nuru yenyewe kwa insafu: ziliathirika na buluu na kijani, lakini nyekundu hazikuiona kabisa. Mbele ya filamu ya aina hiyo, kanga ya kisutu, ambayo fahari yake yote ni wekundu unaosimama kati ya weusi na weupe, hupoteza kauli yake: wekundu huwa weusi, na mapambo yake humezana. Ngozi ya Mwafrika nayo, ambayo ina wekundu mwingi ndani ya weusi wake, ilitoka nzito kuliko ilivyo. Hata zilipoenea filamu zinazopokea rangi zote za mwanga, katika miaka ya 1920 na 1930, bado mpiga picha alikuwa akichagua: kioo cha rangi mbele ya lenzi huweza kuifanya mbingu ya mchana iwe ya kiza na mawingu yawe meupe kama pamba.

Basi picha nyeusi na nyeupe ni tafsiri. Nami ambaye nimeipitisha sehemu kubwa ya umri wangu katika kazi ya kufasiri, bila ya mwalimu ila kamusi na subira, sioni aibu yoyote katika neno hilo. Mfasiri halaumiwi kwa kuwa kitu kimepotea njiani, maana lazima kipotee. Hulaumiwa anapodai kwamba hakikupotea kitu. Anayetuambia kwamba picha yake ni ya kweli zaidi kwa kuwa haina rangi, huyo ni mfasiri anayedai kwamba yeye ndiye mwandishi.

Dai la pili, la subira na staha, lina uzito zaidi, na wapenzi wa ushairi wataliona haraka kuliko watu wengine. Kamera ya Leica, iliyoingia sokoni mwaka 1925, ilipokea mkanda wa picha 36. Kamera za Rolleiflex, ambazo za kwanza zilitoka mwaka 1929, katika miundo yake iliyoenea sana hutoa picha 12 tu kwa mkanda mmoja. Kumi na mbili! Mwenye kamera hiyo anajua kwamba kila akibonyeza, amepunguza akiba. Mtunzi wetu wa shairi naye ana mizani 16 katika mshororo, nane za ukwapi na nane za utao, na mtunzi wa utenzi ana nane tu. Hana silabi ya kutupa. Neno lisilo na kazi humwonesha mwenyewe kwamba halina kazi, kwa sababu limekalia nafasi ya jingine. Ufinyu humlazimisha mtu afikiri kabla ya kusema.

Hoja hii ni nzuri, lakini haitoshi, na sisi tunapaswa kuwa wa kwanza kuikatalia ushindi wa rahisi. Nani kati yetu hajapata kusoma shairi lililotimia vina na mizani, urari wake hauna pancha, na ndani yake hamna neno? Mizani haiandiki shairi. Huwapa wote kipimo kimoja, mwenye la kusema na asiye nalo.

Tena tusimsifu dhiki mbele ya wale ambao hawakumchagua. Abdilatif Abdalla alitunga mashairi ya Sauti ya Dhiki alipokuwa kifungoni nchini Kenya kati ya mwaka 1969 na 1972, akiyaandika kwenye karatasi za chooni. Hakuna mwenye akili atakayesema kwamba jela ilimfanyia hisani kwa kumnyima daftari. Kwa mtu aliyenyimwa, ufinyu ni dhuluma anayoishinda. Kwa mtu aliyejichagulia, ni zoezi. Kijana anayelipa fedha nyingi ili awe na picha 12 badala ya elfu moja anafanya zoezi. Zoezi laweza kuwa jema, lakini lisijivike kanzu ya mateso.

Na kuna shahidi mwingine dhidi ya hoja ya subira, shahidi anayetuhusu sisi watu wa mwambao kwa karibu zaidi. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, studio zilizokuwa Unguja, kama ile ya A. C. Gomes, zilitoa picha nyingi za mji na za watu, na nyingi katika hizo ziligeuzwa kadi za posta zilizosafiri hadi Ulaya. Kamera za zama hizo zilikuwa polepole kuliko kamera yoyote anayoishika kijana wa leo: sanduku la mbao juu ya miguu mitatu, kioo kimoja kwa picha moja, na anayepigwa ameambiwa asitikisike. Kama polepole ingekuwa ndiyo staha, basi kadi zile zingekuwa kilele cha staha. Lakini tazama kilichoandikwa chini ya picha nyingi za watu katika kadi za zama zile. Si jina la mtu. Ni kabila lake, au kazi yake, au uzuri wake. Mwanamke alikaa, akatulia, akavumilia, kisha akawa mfano wa aina ya wanawake, akauzwa kwa mtu asiyemjua ili apelekewe mtu mwingine asiyemjua. Mali bila daftari huisha bila habari, na hao ni watu, wala si mali.

Kwa hiyo subira ya chombo si subira ya mtu, na ufinyu wa mkanda si wema. Je, tufunge mjadala hapa, tuseme kwamba kamera kongwe ni mapambo tu? Nadhani hapana. Ila tumekuwa tukiitafuta thamani yake mahali sipo. Tumeitafuta katika kitendo cha kupiga. Mimi naiona katika muda unaofuata.

Filamu ni utando mwembamba wa gelatini uliojaa chembe za chumvi za madini ya fedha. Mwanga ukiingia kwa sehemu ndogo ya sekunde, unaziachia chembe hizo alama ndogo mno, isiyoonekana kwa jicho. Mwaka 1840 Mwingereza William Henry Fox Talbot aligundua kwamba karatasi iliyopata mwanga kidogo, ingawa haikuonesha chochote, ilikuwa imebeba picha ndani yake, na dawa iliweza kuitoa. Ugunduzi huo ndio uliozaa chumba cha giza. Dawa ya kwanza huzigeuza chembe zilizoguswa na mwanga ziwe fedha nyeusi. Dawa nyingine huziyeyusha zile ambazo hazikuguswa, ili picha isiharibiwe tena na mwanga. Sifa hii ya kuyeyusha aliigundua John Herschel mwaka 1819, miaka 20 kabla ya kutumiwa katika picha.

Lugha zimeliita jambo hili kwa majina mbalimbali. Wafaransa husema révéler, yaani kufunua. Waarabu husema tahmidh, neno linalotokana na uchachu wa tindikali. Waingereza wana kitenzi chenye maana ya kukuza na kuendeleza. Sisi twasema kusafisha. Nililidharau neno hili kwa muda, nikiliona la dukani mno, lakini kila nikilitazama naliona lina hekima yake. Anayesema kusafisha anakiri kwamba kitu kipo tayari, kizima, na kazi iliyobaki ni kukiondolea kinachokifunika. Mpiga picha hakikuzi, wala hakiumbi. Tangu sekunde ile mlango wa kamera ulipofunguka na kufungwa, picha ya yule mtu imo ndani ya sanduku, na hakuna anayeiona: si aliyepiga, wala aliyepigwa.

Kitu cha mtu, kilichomo mkononi mwa mtu mwingine, kisichoonekana wala kushuhudiwa na yeyote. Watu wa pwani wana jina la kitu kama hicho. Ni amana.

Amana si zawadi. Aliyepewa zawadi ni mmiliki, aitumie apendavyo. Aliyewekewa amana ana mambo mawili tu: kuihifadhi na kuirejesha. Na uzito wa amana huzidi pale pasipokuwa na shahidi, kwa maana hapo ndipo mtu hujulikana alivyo. Kamera ya simu haina muda huu. Mama anayeuza ndimu Darajani akipigwa picha kwa simu aweza kusema, "Hebu nione," na akiona hapendi aweza kusema, "Ifute." Hilo ni jambo jema, na asiyelikiri hana insafu. Simu imempa mwenye sura nguvu ambayo filamu haikumpa. Mbele ya kamera ya filamu mama yule hana cha kukagua. Hana budi kumwamini mtu. Basi anayerudi kwenye filamu asijidanganye kwamba amechagua njia yenye heshima zaidi kwa anayepigwa. Amechagua njia inayomtaka mwenzake amwamini zaidi, na kwa hiyo deni lake ni kubwa zaidi. Thamani ya kamera kongwe ni kwamba inalifanya deni hilo liwe refu na zito, hata lisiweze kusahauliwa kwa urahisi. Ikiwa mtu atalilipa au hatalilipa, hilo kamera haliwezi.

Studio za zamani zililijua deni hili, ingawa hazikulihubiri. Ranchhod Oza alipofungua Capital Art Studio hapa Unguja mwaka 1930, kazi ambayo baadaye aliirithi mwanawe Rohit, alifungua duka, na duka lina meza, na juu ya meza kuna stakabadhi. Sisi tuliokulia katika miaka ya 1970 na 1980 tunayakumbuka maneno ya wapiga picha: njoo Ijumaa uchukue picha zako. Picha zako. Mteja alilipa, alitengeneza ushungi wake, alichagua kukaa au kusimama, kisha alirudi siku ya miadi na picha ikamrudia mwenyewe. Huko Bamako, Seydou Keïta, aliyefungua studio yake mwaka 1948, mara nyingi alimpiga mteja picha moja tu, kwa sababu filamu ilikuwa ghali. Dunia leo husifu utulivu wa picha zile. Lakini kabla ya kuwa sanaa zilikuwa ahadi iliyotimizwa: mtu alitoka na sura yake mkononi, akaipeleka kwa mamake.

Hapa ndipo ilipo tofauti kati ya studio na kadi ya posta. Kamera zilikuwa za namna moja, dawa zilikuwa za namna moja, hata wapiga picha pengine walikuwa wale wale. Katika studio picha ilirudi kwa mwenyewe. Katika kadi ya posta haikurudi.

Nami nadhani lugha yetu ilikwisha kutuonya. Twasema kupiga picha, na kitenzi hicho hicho twakitumia kwa mambo mengi. Twapiga risasi, na twapiga hodi. Apigaye risasi humwona mwenzake kabla ya kuonwa, na akishapata alichokitaka, kazi imekwisha. Apigaye hodi husimama nje, huitambulisha sauti yake, na hungoja karibu. Mwambao tumefunzwa kwamba hodi hupigwa mara tatu, na asiyejibiwa hurudi alikotoka bila ya kununa. Kila anayeinua kamera anapiga kimojawapo kati ya viwili hivyo.

Nitoe mfano mmoja mgumu, kwa kuwa mifano rahisi haitufunzi. Vivian Maier, mzaliwa wa New York wa mwaka 1926, aliishi kwa kulea watoto wa watu mjini Chicago. Siku zake za mapumziko alitembea mitaani na Rolleiflex shingoni. Kamera hiyo hutazamwa kutoka juu: mpiga picha huiweka usawa wa tumbo na huinamisha kichwa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, wamesema wahenga, na mtu aweza kuuona mwinamo ule kuwa ni adabu yenyewe. Lakini mwinamo huo huo ulimsaidia asionekane kuwa anatazama, na wengi aliowapiga pengine hawakujua. Aliacha negativi zaidi ya laki moja, na mikanda mingi ambayo hakuisafisha kamwe. Mwaka 2007 masanduku yake yalinadiwa kwa sababu kodi ya ghala haikulipwa, na mwaka 2009 akafariki, kabla dunia haijalijua jina lake.

Picha zile ni nzuri kupita kiasi. Zina huruma kwa maskini, kwa watoto, kwa watu waliochoka. Nazipenda. Lakini nikiziuliza swali la amana, jibu haliji kwa urahisi. Wale watu walioingia katika sanduku lake hawakurejeshewa kitu, na wengi hawakujua kuwa wana kitu cha kurejeshewa. Yeye mwenyewe naye, ambaye inaonekana hakutaka kuonesha kazi yake kwa watu, aligeuka kuwa amana mikononi mwa wanunuzi wa mnada. Hakuwarejeshea, na hakurejeshewa. Sisemi picha zile zifungiwe. Nasema uzuri haulipi deni. Huweza kutufanya tulisahau.

Na jambo hili si la Chicago peke yake. Picha za zamani za studio za mwambao siku hizi zinatundikwa katika makumbusho na zinauzwa kuwa mapambo ya ukutani. Yumo bibi harusi aliyekaa mbele ya pazia ili picha yake itiwe katika albamu ya nyumbani, ionwe na dada zake na mashoga zake. Je, alikaa pia kwa ajili ya ukuta wa hoteli? Huenda wajukuu zake watafurahi kumwona amesifiwa. Huenda watahisi kwamba sitara yake imevuliwa. Hatuwezi kujua bila ya kuuliza, na kuuliza ni kazi inayochosha, isiyo na faida ya fedha. Lakini hiyo ndiyo kazi ya mwenye amana. Negativi kumilikiwa na fulani kwa mujibu wa sheria hakumalizi swali la sura ya nani imo ndani yake.

Basi kwa kijana anayepita Malindi au Shangani na kamera ya babu yake, sina la kumkataza. Apige. Lakini asijisifu kwa kuwa mkanda wake una picha 12 tu. Ajiulize ni ngapi katika hizo 12 zimefika kwa wenyewe. Mvuvi aliyemruhusu ampige akishona wavu bado yuko pale pale pwani, hakuhama. Nyumba ya mama aliyempiga barazani ina mlango unaojulikana. Mkanda ukisafishwa Ulaya au ukisafishwa jikoni kwake, njia ya kurudi ni ile ile. Ahadi ni deni hata kama haikutamkwa, maana mtu aliyetulia mbele yako na kukutazama, naye hataona kitu, amekwisha kukuamini.

Wazee wetu walikuwa na desturi ya kuandika nyuma ya picha kabla ya kumpa mtu: jina, mahali, tarehe, na maneno kwamba ni ya ukumbusho. Upande ule mweupe haukutiwa dawa wala haupokei mwanga. Unapokea kalamu ya risasi. Mpiga picha akiugeuza upande huo, na akawa na jina la kuandika kwa idhini ya mwenyewe, na akajua mlango wa kuupelekea, amana iko njiani kurudi.